Honi Mbili za Kamioneti ya Baba

Yaya Kyungu, kaka yangu,

Kwanza usicheke. Najua ungecheka ukiniona nimekaa ndani ya kamioneti iliyosimama, karatasi juu ya usukani, nakuandikia wewe ambaye hata kadi ya Noeli ulinisukumia mimi niandike kwa majina yetu yote mawili. Nimekaa upande wa dereva, mahali pako. Nje uani kuna watu, na mama yuko katikati yao. Nimeomba dakika chache nije kukueleza kilichotokea, maana hakuna mwingine anayestahili kuambiwa kabla yako.

Kamioneti ni ile ile. Buluu yake imekwisha, na mlango wa kulia, wa abiria, bado haufunguki mpaka uupige ngumi. Baba aliponiachia alisema niuze. Sikuuza. Nilinunua viti vya plastiki, na sasa hiyo ndiyo kazi ya dada yako, kukodisha viti. Naenda navyo kwenye ndoa kule kwa matajiri, mitaa ya Golf na Karavia, ambako wanataka vyeupe vyenye kitambaa, na kwenye vilio hapa mtaani kwetu Kenya, ambako hakuna anayeuliza rangi. Nimepanga viti kwenye misiba ya nusu ya mji huu, yaya. Nashusha, napanga chini ya turubai, nasikia akina mama wanapaza sauti, kisha narudi nyumbani kula bukari, ugali wangu wa jioni. Kwa ajili yako sikuwahi kupanga hata kiti kimoja.

Unajua sababu. Mapacha hawalilwi. Ukimlilia mmoja, unamwita mwenzake. Sheria hiyo bibi alikuja nayo mjini kutoka kaskazini, na ubatizo wetu na misa zote tulizosikiliza hazikuifukuza. Ulipokufa kwa ile homa iliyokupanda kichwani, mama alijifunga kitambaa, akapika, akaosha sahani. Majirani walikuja, wakasimama ukutani bila kujua mikono waiweke wapi, wakaondoka. Nami nilinyamaza, kwa kuwa aliyekuwa akilindwa ni mimi. Nilikuwa nimekaa jikoni mzima, ninapumua, na nyumba nzima ilikuwa imeuma meno isilie kwa ajili yangu.

Sasa mama amezeeka. Mgongo umepinda, na akisimama anashika kitu kwanza. Mimi nina mvi nyingi kuliko alizokuwa nazo yeye tulipokuzika. Kwa muda mrefu nimekuwa na hofu moja tu, nayo si ya kufa kwangu. Niliogopa kwamba mama atakufa na kilio chako kikiwa bado tumboni mwake.

Unakumbuka honi ya pili ilivyokuja? Kamioneti ilinunuliwa ikiwa na moja. Jioni baba akifika langoni anapiga mara moja, tunakimbia wote wawili, halafu tunapigana, kila mmoja anasema ameitwa yeye. Siku moja mama alimsimamia pale pale langoni, mikono kiunoni.

"Mapasa beko babili," alimwambia. "Namna gani unabaita paka mara moja tu? Unapenda mumoja akasirike, arudie kule alitoka?"

Baba alikuwa mtu wa karakana ya reli. Mashine alibishana nazo, mama hakubishana naye. Jumamosi alikwenda kwa wauza vyuma, akarudi na honi nyingine yenye sauti nyembamba. Alizifunga zote mbili mbele, nyuma ya vile vyuma vinavyofanana na meno, kila moja na waya wake, kitufe kimoja cha kuzipiga zote. Akaufunga kila waya kwa uzi wenye nta, lile fundo lake la reli, mizunguko mitatu na ncha imefichwa ndani. Halafu akatuita.

"Ya sauti munene ni ya Kyungu, juu ye njo alitangulia kuzaliwa. Ya sauti kidogo ni ya Kabange. Basi hapana kupigana tena."

Tulipigana hata hivyo. Alitukalisha kwenye mapaja yake, wewe ukashika usukani, mimi nikapewa honi. Huo ndio ulikuwa mgawanyo, na haukuvunjwa. Siku ulipojaribu kubonyeza honi nilikuuma kidole gumba mpaka damu ikatoka, nawe ukaniambia, "Utalipa ukikuwa muzee." Alama ya meno yangu haikufutika. Walipokuosha nilisimama mlangoni, nikaiona.

Halafu ile safari ya makaburini. Ulikuwa nyuma yetu, ndani ya sanduku, na shangazi na wajomba wamekaa kandokando yako bila wimbo. Baba anaendesha, mimi karibu naye. Tulipokata kona ya kushoto kuingia barabara ya makaburi, honi ikaanza kulia yenyewe. Sauti zote mbili, ya kwako na ya kwangu, bila mkono wa mtu. Baba akaupiga usukani, akauzungusha huku na huku, wapi. Watu wa kando ya barabara wakavua kofia. Nyuma nilimsikia shangazi anasema kwa sauti kubwa, "Munaona? Mulimukatalia kilio, anajililia mwenyewe." Ililia mpaka tulipofika. Mimi niliibana mikono yangu kati ya magoti.

Kesho yake kamioneti ilibaki na sauti moja. Baba alisema, "Ya Kyungu imekufa," akafunga boneti. Nani angeuliza? Sikio husikia lile lililoambiwa. Tangu siku hiyo, kila honi ilipolia, mimi nilisikia ya kwangu. Nilifukuza nayo pikipiki barabarani, nikawagombeza nayo madereva wa mabasi, nikawasalimia nayo rafiki zako wa zamani. Kila mara nilijisikia nusu. Niliona kwamba gari zima linamwambia kila mtu kuwa nimebaki peke yangu.

Sasa sikiliza habari ya mwaka huu. Mvua zilipoanza, honi ilirudia tabia yake. Kila nikikata kushoto, inalia. Mara ya kwanza ilinipata kwenye kilio cha watu, nimebeba viti vya nyongeza. Waombolezaji walikuwa wamechoka, wanakula kimya. Nikakata kushoto kuingia uani, ikapiga kelele, na akina mama wakadhani umefika ujumbe wa ukoo wa mbali. Wakaacha sahani, wakaanza kulia upya kwa nguvu. Mwenye msiba alikuja kunishukuru. Nilitaka kucheka mpaka nikajifanya natafuta kamba chini ya kiti.

Mama hakuna alichokiona cha kuchekesha. Mtaa wetu unaingiwa kwa kukata kushoto, kwa hiyo kila nikirudi, honi ililia kutoka kona mpaka langoni. Nilimkuta amesimama ndani, mkono juu ya komeo, hafungui. Siku moja nilishuka taratibu, nikaweka sikio kwenye bati la lango. Alikuwa anasema polepole, kama anamfukuza mbwa ambaye hataki kumuumiza:

"Pita. Pita tu. Ye ulishamubeba. Pita."

Nilipoingia nikamwuliza alikuwa anasema na nani. "Hapana muntu," akajibu. Halafu, huku amenipa kisogo, akasema, "Peleka ile motoka kwa fundi. Lakini aguse paka volan. Kule mbele asifungule."

Wewe ungemwuliza pale pale kwa nini fundi aguse usukani tu. Mimi nilikubali, ndivyo nilivyo. Usiku ule usingizi ulikuja kwa shida, na neno lake moja lilinikaa kichwani. Nani alishakubeba, na kwa nini alikuwa anaombwa apite?

Fundi anaitwa Papa Kaumba, ana karakana yake nyuma ya soko la Kenya, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono. Alichomoa kifuniko cha katikati ya usukani huku ananihadithia harusi ya binti yake. Ndani kulikuwa na pete ya shaba iliyolika na springi imechoka. Akavuta waya unaoshuka ndani ya bomba la usukani, akanionyesha mahali ngozi yake ilipokwanguka.

"Iyi njo shetani yako, mama. Ukikata kushoto, fil inagusa chuma, inanasa, klaksoni inalia. Hakuna mambo ingine."

"Papa, inaweza kuwa hivyo tangu zamani? Inalia, halafu inaacha miaka, halafu inarudia?"

"Inaweza. Fil ikihama kidogo, inanyamaza. Ikirudi mahali yake, inaanza."

Nilifurahi, yaya, na papo hapo nikahuzunika. Kumbe njia nzima ya makaburini ilikuwa ni waya uliochubuka. Sehemu yangu moja ilitaka iwe ni wewe. Nakwambia ukweli, hata sasa bado inataka.

Alifunga waya upya, akaisugua pete ya shaba mpaka ikang'aa, akabadili springi, akabonyeza. Ikalia vizuri, ikanyamaza vizuri. Lakini badala ya kunidai pesa yake aliinamisha kichwa, akachungulia mbele.

"Iyi motoka iko na klaksoni mbili."

"Moja ilikufa zamani."

"Ya gani?"

"Ya sauti munene. Ya kaka yangu."

Akabonyeza tena, safari hii ameniangalia usoni. "Mama. Yenye inalia njo ya munene."

Nilimwambia anakosea. Nilimwambia kwa ukali, mpaka wateja wake wakageuka. Yeye alikwenda mbele, akafungua, na mimi sikukumbuka tena nilichoagizwa na mama. Akachukua nyaya mbili kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye ile honi ndogo iliyojaa vumbi.

Ikaimba. Nyembamba, safi, haina hata mkwaruzo, sauti ya mtu aliyekuwa amekaa chumba cha pili akingoja kuitwa. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga tairi zilizopangwa. Niliitambua, yaya. Ungeitambua nawe. Ile ndiyo niliyokuwa naisikia juu ya yako nilipobonyeza nikiwa kwenye paja la baba.

Kwa hiyo ni wewe. Miaka yote hii niliyodhani najipigia mwenyewe, nilikuwa nakupigia wewe. Wewe ndiye uliyegombana na madereva, wewe ndiye uliyewafukuza mbuzi barabarani, wewe uliyefika langoni kila jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza.

"Haikukufa," Papa Kaumba alisema. "Balikata fil yake. Ona."

Waya wa honi ndogo ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato mmoja. Ncha zake mbili zilikuwa zimekunjwa, zikavishwa kitambaa, zikafungwa kwa uzi wenye nta. Mizunguko mitatu, na ncha ya uzi imefichwa ndani.

Fundi aliliona fundo, akaona na uso wangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapunguza sauti. "Muntu akifunga fil muzuri vile, haiko kuharibu. Eko anachunga kintu. Mi siunganishe, mama. Uliza kwanza ku nyumba."

Nilirudi. Kwenye kona yetu nikakata kushoto, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote. Mama alikuwa amesimama langoni kwa mazoea, komeo mkononi. Nilipoingia alirudi kwenye beseni lake la bowa, akaendelea kuutoa uyoga udongo mmoja mmoja. Nilikaa chini mbele yake.

"Mama, ni baba njo alikata klaksoni yangu?"

Vidole vyake havikusimama. "Fundi alifungula kule mbele."

"Alifungula. Ni baba?"

"Asubuhi, kisha kumuzika Kyungu," akasema. "Mi njo nilimuambia. Ile siku mulilia babili mu barabara yote. Lufu ilisikia. Ilimubeba mumoja, ikajua kama iko mwingine. Nikamuambia baba yenu, ukate ya Kabange. Lufu ikipita, isikie paka Kyungu tu, mwenye ilishabeba. Itaona hapa hakuna kazi tena, itapita." Akachukua uyoga mwingine. "Na ulibakia. Uko hapa. Kwani nilikosea?"

Ungemjibu nini? Niliona jinsi nilivyofichwa maisha yangu yote, nimewekwa nyuma yako kama tulipokuwa tunacheza na wewe unanikinga kwa mgongo. Mama alisimama langoni kila jioni, anakutoa wewe kwa lufu, kwa kifo chenyewe, ili kisiniulizie mimi. Alikutoa kila siku, na kila siku hakuruhusiwa kulia. Nilihisi hasira, yaya, sikufichi, halafu hasira ikakosa mtu wa kumwendea.

"Hukukosea," nikamwambia. "Lakini angalia kichwa yangu, mama. Iko mweupe. Lufu ikinitaka, nyumba inaijua, haitaulizia klaksoni. We unaogopa mi nitakufa. Mi naogopa we utakufa bila kumulilia Kyungu."

Mikono ikasimama ndani ya beseni. Akaitoa, maji ya udongo yakamchuruzika kwenye viganja. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Nilishasahau namna ya kuanza."

Nilimshika mkono, tukaenda kwenye kamioneti. Viti vilikuwa bado vimefungwa nyuma, vya kupeleka kesho. Nikafungua mbele, nikakata uzi wa baba kwa kisu cha jikoni, na kitambaa chini yake kilikuwa bado kikavu. Ncha za waya nilizisokota pamoja kwa vidole vyangu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameupiga mlango wa kulia ngumi, ukakataa. Akazunguka upande wa dereva, akapanda mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kukaa pale siku hata moja. Aliweka mikono miwili juu ya usukani, mahali pale pale ulipokuwa unashika.

"Kyungu anakamata volan," akasema. "We piga."

Nikapitisha mkono dirishani, nikabonyeza.

Zililia zote mbili. Ya kwako chini, ya kwangu juu yake, kama zilivyolia barabara nzima siku ile, lakini safari hii kwa mkono wangu. Sikuachia. Mama alitazama mbele kupitia kioo, mdomo wazi, kana kwamba barabara ya makaburi imefunguka pale uani. Halafu sauti ikamtoka. Mwanzoni sikujua kama ni yeye au ni honi. Nikaachia, na ile sauti ikaendelea peke yake. Hakulia kama bibi kizee. Alilia kama mama wa kijana aliyekufa asubuhi hii, kwa jina lako, Kyungu, Kyungu, Kyungu yangu, na kichwa chake kikaanguka juu ya usukani. Mimi nilikuwa nimesimama nje na mkono wangu ndani, nikautoa, nikakaa chini. Nilikulilia nimekaa kwenye matope, yaya, kwa sauti, bila kumwangalia mtu.

Majirani wakaja mbio. Waliotujua zamani wamehama au wamekufa. Hawa ni vijana, akina mama wenye watoto mgongoni. Wakauliza langoni, "Mama, nani amekufa?"

"Kyungu," mama akasema. "Mutoto wangu Kyungu."

Wakatazamana. Hawakujua Kyungu yeyote katika nyumba hii. Mmoja akauliza kwa upole, "Amekufa lini, mama?"

Mama akainua uso, akaupangusa kwa kiganja chenye udongo wa bowa.

"Leo," akasema.

Basi wakajifunga vitambaa kiunoni, wakaingia, wakakaa chini, wakaanza kulia naye, maana hapa Kenya mtu hahitaji kumjua marehemu ili amsaidie mwenye msiba. Nami nikasimama. Nikafungua kamba za kamioneti, nikaanza kushusha viti. Nilivipanga mwenyewe, mstari kwa mstari, kama ninavyowapangia wengine. Wa kesho watanisamehe; nitawaambia nimefiwa.

Watu bado wanaingia, na mama anasimulia jinsi ulivyokuwa ukila na ulivyokuwa ukichelewa misa. Inabidi nitoke, ni mimi mwenye msiba. Ule waya nitaufunga vizuri kesho, kwa fundo la baba, vidole vinalikumbuka.

Pumzika, kaka yangu. Jioni nikifika langoni nitapiga honi, nawe utazisikia mbili. Itika ile yako tu. Nyingine ni yangu, nitaiitikia mwenyewe.

Mimi Kabange,
mdogo wako niliyekuja nyuma